Sifuri ya Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Tumeanza! Daftari jipya, kazi mpya, buti za zamani.

Mwaka wa pili wote tunatoka madarasani wiki nne kwenda kuhesabu magugu. Ndiyo, kuhesabu magugu. Kaka aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Eti nchi imekosa cha kuhesabu. Nikamwambia anyamaze, hajui kitu, halafu nikaingia jikoni nikacheka na mimi.

Gugu lenyewe ni gugu karoti. Majani kama ya karoti, maua meupe madogo madogo. Asiyelijua anaweza kulichuma akaliweka kwenye chupa mezani. Likishika shamba, maharage hayapumui tena. Ukiling'oa kwa mikono mitupu unajikuna wiki nzima. Na mbegu zake ni vumbi tupu, shina moja linamwaga maelfu. Mwalimu ametuoteshea kwenye makopo ili tulijue tangu utotoni, likiwa na majani mawili tu. Anasema tuandike kila mahali lilipo na kila mahali lisipokuwepo, na kwamba pale lisipokuwepo ndipo penye thamani zaidi. Sikumwelewa vizuri.

Kundi letu tuko wanne. Babu, mwenye miaka ishirini na moja na mwendo wa miaka sabini. Ramani, mchoraji wetu. Mimi, Chiriku — jina nililopewa wiki ya kwanza chuoni na sijawahi kuuliza sababu, maana ningelazimika kunyamaza ili nisikie jibu. Na kiongozi wetu, Mita.

Huyu nimwandike vizuri. Msichana mrefu, mkimya, baba yake fundi ujenzi. Hatua yake moja ni sentimita sabini na tano, kajipima. Ukimwuliza choo kiko wapi anakujibu hatua arobaini na mbili. Fremu yetu ya kuhesabia kaitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mabomba ya plastiki vilivyobaki kwenye kazi za baba yake. Mita moja kila upande, kona nne za viungio. Na hakuvitia gundi! Unachomoa kona moja, unapitisha bomba chini ya mimea bila kuivunja, unaifunga tena. Mwalimu aliigeuza, akaigeuza tena, akasema hili hata mimi sikuliwaza. Makundi mengine yana kamba. Sisi tuna fremu! Niliibeba kutoka karakana hadi getini nikijidai kama niliyeitengeneza ni mimi.


Jumanne, 4 Machi

Kiwanja nyuma ya soko. Nimechoka, mgongo wangu si wangu.

Kazi inakwenda hivi. Tunanyoosha kamba. Kila hatua kumi za Mita ni kituo. Babu analaza fremu chini. Mimi nachuchumaa, nahesabu miche iliyo ndani, napaza sauti namba. Mita anaandika. Hatazami chini hata kidogo! Nikamwuliza, mwenzetu huangalii? Akasema akiangalia naye atahesabu, wakihesabu wawili wataanza kujadiliana. Macho yangu, kalamu yake. Anaandika ninachosema, basi.

Kituo cha sita: miche sabini na miwili. Ndani ya mita moja! Nilihesabu mara mbili, machozi yananitoka kwa harufu ya gugu.

Ramani alikosea namba kwenye fomu yake, akatoa ufutio. Mita akamshika mkono, taratibu kabisa. Fomu haifutwi. Unapiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani ili iendelee kusomeka, unaandika mpya pembeni, unatia sahihi na tarehe. Anayekuja baadaye aone ulikosea wapi na uligundua lini. Ramani akasema loo, hata polisi hawako hivi. Mita hakucheka. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilisema, huyu mtu ningemkabidhi hata roho yangu aipime.

Baba amezitazama buti zangu barazani. Yeye ni fundi viatu, akiona soli anajua umepita wapi. Ametaja kiwanja cha nyuma ya soko kabla sijafungua mdomo.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimejikuna mikono siku nzima. Hakuna zaidi.


Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekutana na mtu!

Kule chini, mji unapoishia, karibu na kijito, kuna shamba la mama mmoja wanayemwita Mama Mbegu. Anazalisha mbegu za maharage, zile zinazotiwa kwenye mifuko yenye lebo ya ukaguzi. Miaka kumi na moja hajawahi kukosa lebo. Wakulima wa pande zote wanasubiri mbegu zake. Hawapandi mpaka zitoke.

Tulifika tumejipanga, Mwalimu mbele. Getini tukakuta beseni la maji, brashi, na gunia limetandikwa. Naye amesimama nyuma ya beseni kama askari wa mpakani.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba. Viatu.

Mwalimu akadhani mzaha. Haukuwa mzaha. Akavua, soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia! Sote tukatazama mawingu kwa adabu. Buti zikasuguliwa soli, pembeni, hata matundu ya kamba. Akamkunjua Mita pindo la suruali, akalowesha kidole, akatoa kitu kidogo kuliko chembe ya pilipili manga. Akatuonyesha. Mbegu ya gugu karoti! Mita, anayepima kila kitu, alibaki mdomo wazi. Akasema samahani, Mama, sikuiona. Mama akamjibu ndiyo maana nipo mimi.

Kisha akatuambia kwa nini ametukubali. Goti lake la kulia limekufa ganzi, hawezi kuchuchumaa tena. Akisimama anaona maharage. Kilicho chini ya maharage hakioni. Nyie mna magoti, alisema. Mniazime. Mkaguzi anakuja tarehe thelathini na moja. Akikuta mche mmoja tu wa gugu karoti, msimu huu hakuna lebo, maharage yote yanakwenda kuliwa, na wanaomsubiri watapanda walichookota sokoni. Amelisema hili bila kulalamika, huku anakamua brashi.

Tulihesabu nusu ya juu, vituo tisa. Sifuri. Sifuri. Sifuri! Ile ya tisa nusura niiimbe. Sijawahi kufurahia kutangaza kitu ambacho hakipo. Nikamwelewa Mwalimu.

Anazungumza na maharage yake. Nimemsikia. Alikuwa anayasema kwa kuchelewa kukua.


Ijumaa, 7 Machi

Nimelowa mpaka ndani ya mifupa na nina furaha.

Asubuhi tulipitia nyuma ya soko kumalizia vituo viwili, halafu moja kwa moja kwa Mama Mbegu kufanya nusu ya chini. Akawa anatoka, ana miadi kliniki kwa ajili ya goti. Akatuangalia mmoja mmoja. Akanichagua mimi! Akanitia brashi mkononi. Leo wewe ndiye mlango wangu, aliniambia. Hakuna kinachopita bila kupita kwako.

Basi nikawa mkali kuliko yeye. Nilimsugua Babu buti mpaka akaomba msaada. Fimbo yake niliiosha. Kalamu ya Mita niliikagua! Ramani akasema nimepewa cheo cha brashi nimelewa.

Tulipokuwa ndani tayari, wingu limeshuka, Mita anatuhimiza, Babu akakumbuka fremu kaiegemeza nje kwenye uzio. Akitoka itabidi nimwoshe upya. Nikasema subiri, nikanyoosha mkono juu ya uzio, nikamvushia. Nilijiona nina akili kweli.

Vituo vinane, vyote sifuri. Mvua ikatukuta kituo cha mwisho. Mita aliikunja fomu akaitia ndani ya blauzi, akakimbia mbio zisizo na hesabu yoyote. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akikimbia bila kuhesabu.


Jumapili, 9 Machi

Nimemsimulia Baba habari za Mama Mbegu tangu chai hadi chakula cha mchana. Kumbe anamjua! Humletea ndala za kushona. Anasema ndiye mteja pekee anayeleta kiatu kikiwa kimeoshwa.

Kaka kanibatiza upya: Profesa wa Majani. Hainiumi.


Jumamosi, 22 Machi

Wiki mbili za kutembea, sina nguvu ya kuandika. Nyuma ya zahanati, kando ya barabara, viwanja vya watu, kila mahali limo. Leo Ramani amemaliza ramani ya kwanza. Kila kituo nukta: nyekundu kama lipo, nyeupe kama halipo. Mji mzima unawasha! Halafu kule chini, karibu na kijito, kiraka cheupe safi, vituo kumi na saba. Watu wanasimama mbele ya ukuta ilipobandikwa, wanakinyooshea kidole. Mkuu wa chuo mwenyewe alisimama akavaa miwani.

Mwalimu anasema nakala ya fomu zetu na ramani vitakwenda kwa mkaguzi. Kazi ya wanafunzi, mezani kwa mkaguzi! Jumatano tunarudi kwa Mama Mbegu kuhesabu mara ya pili, kisha tumemaliza.


Jumatano, 26 Machi

Sijui nianzie wapi.

Maharage yamefika magotini, yameanza maua. Mama alituosha mwenyewe, fremu pia, kona kwa kona, alichomoa viungio akavisugua ndani kwa kijiti. Nilimtazama akifanya vile nikashindwa kuondoa macho, sikujua kwa nini. Sasa najua.

Nusu ya juu sifuri zote. Tukaingia chini. Mimi natangulia, natenganisha maharage, Babu anafuata na fremu kwa mwendo wake ule. Kituo cha tatu. Nikainama.

Miche minne. Midogo, majani ya karoti, ile ile ya kwenye makopo. Haikuota ovyo ovyo. Mmoja hapa, mmoja pale, mmoja pale, mmoja pale. Mraba. Mita moja kwa mita moja, mtu angedhani imepandwa kwa rula.

Ilinichukua muda wa kuvuta pumzi moja tu. Fremu. Matope ya nyuma ya soko ndani ya zile kona. Uzio. Mkono wangu.

Babu alikuwa hatua sita nyuma. Nikaing'oa yote minne, nikaitia kwenye mfuko wa penseli. Nikasema "Sifuri!" Sauti ilitoka vizuri kabisa, hata sikuamini ni yangu. Mita akaandika. Hakuangalia, haangaliagi.

Kituo cha tano, miche mitatu. Cha sita, minne. Sifuri. Sifuri.

Kumi na mmoja mfukoni, nasikia kama ina uzito wa mawe.

Tulipomaliza, Mama alitugawia machungwa, makubwa, kayachagua. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, yenye udongo. Mungu akutunzie macho haya, alisema. Akasema ameishi wiki tatu akiwa hana hofu, kwa sababu macho yangu yako chini badala ya yake.

Chungwa liko hapa mezani. Silimenyi.


Alhamisi, 27 Machi

Sijalala. Nimejitetea kila namna. Nimeing'oa, si ndiyo kazi? Shamba ni safi, si ndiyo sifuri? Nani ameumia? Angesema hivyo mwenzangu, ningemwambia ni hoja nzuri. Lakini kila nikifumba macho naona vituo ambavyo sikutazama nje ya mraba. Na vile vingine vitano? Fremu ilipitia kote!

Asubuhi nimemfuata Mita karakana. Alikuwa anapiga msasa kipande cha bomba. Nikafungua mfuko wa penseli, nikamwaga mezani. Imenyauka, lakini majani yanajulikana. Nikasema yote. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema maneno machache.

Nilitaka anitukane. Ningefarijika. Akaipanga ile miche kwenye mstari. Akahesabu. Kumi na mmoja, akasema, kana kwamba nilimtangazia kutoka kituoni. Kisha akachukua fremu, akachomoa kona, akaingiza ncha ya bisibisi ndani ya kiungio. Likatoka donge dogo la udongo mkavu. Mama alisugua jana, na bado lilikuwemo.

Kisha akasema, hii niliiacha wazi mimi. Nilipewa sifa kwa ajili ya uwazi huu. Niliona aibu kwa niaba yake, nikaanza kusema hapana, mlango nilikuwa mimi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema lawama tutagawana baadaye, kwanza fomu.

Akaitoa fomu ya Jumatano. Nikadhani ataandika yeye. Akanisogezea mimi kalamu. Mstari mmoja juu ya sifuri. Pembeni: 4. Mstari, 3. Mstari, 4. Sahihi yangu mara tatu. Sifuri zinaonekana chini ya mistari, kila mtu atakayesoma fomu hii ataziona, hata nikiwa bibi. Ile 3 inafanana na samaki.

Halafu Mita akaniambia kitu. Kwamba tangu mwanzo alinichagua mimi niwe macho kwa sababu siwezi kuficha kitu usoni. Jana alisikia sauti yangu imepanda kidogo kwenye kituo cha tatu. Akaandika hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo makubaliano. Lakini hakulala pia.

Nikalia. Naandika tu ukweli, nililia, na kamasi.


Ijumaa, 28 Machi

Tumekwenda wote wanne. Babu na Ramani tuliwaambia njiani. Babu akasimama katikati ya barabara. Akasema, lakini miche si imeshang'olewa? Tumalizie kung'oa iliyobaki, sifuri ibaki sifuri, yule mama apate lebo yake. Kuna haja gani ya kumwumiza mtu mzima kwa ajili ya karatasi? Na Babu si mtu mbaya! Nilitamani awe mbaya ili nimkatalie kwa urahisi. Ramani anafikiria kiraka chake cheupe. Mita akasema shamba si letu, tumwulize mwenye shamba.

Tukaoshwa. Nikamwambia pale pale getini, miguu bado iko kwenye beseni. Niliogopa nikivaa viatu nitakimbia.

Hakunikatiza. Brashi ilisimama mkononi. Nilipomaliza akauliza swali moja:

— Sifuri ya Jumatano ilikuwa ya shamba langu, au yako?

— Yangu, Mama.

Akapita mbele, anachechemea, sisi nyuma. Kituo cha tatu akamwamuru Mita alaze fremu. Vishimo vinne nilipong'oa miche vilikuwa bado vinaonekana. Kona zikakaa juu yake, moja kwa moja, kama mfuniko na sufuria yake. Mama akaangalia. Akaangalia tena. Halafu — akacheka! Mmenipandia kwa rula, jamani! Mimi miaka yote hii maharage yangu hayajawahi kunyooka hivi!

Tulianza kucheka na sisi, kwa woga. Kisha tukaona hacheki tena. Alikuwa ameshika uso. Mabega yanatikisika. Nilitaka ardhi inimeze. Mita alimletea ndoo akaigeuza, Mama akakaa.

Babu, kwa sauti ya chini, akarudia lake. Tung'oe yote, fomu iachwe. Tukamtazama Mama. Na nasema ukweli, hapa ndani ya daftari langu, nilitamani akubali. Nilitamani sana.

Akajifuta kwa kanga. Akamwuliza Babu kwa upole, mwanangu, iliyoota umeiona. Iliyolala chini bado haijaota, umeiona? Babu akasema hapana. Basi na mimi sijaiona, akasema. Niifunge kwenye mifuko, niitie lebo, niwapelekee watu waliokuwa wananisubiri? Wakipanda, wakaona majani ya karoti, watasema ni mvua, watasema ni upepo. Hawatasema ni Mama Mbegu. Hicho ndicho kitakachoniua.

Fomu iende ilivyo, alisema. Na mkaguzi nitamwambia mimi mwenyewe.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akasema, nilikukasirikia ulipokuwa unaongea, na bado nimekasirika, nitakasirika mpaka Jumapili. Kesho uje saa moja na magoti yako.

Nimwite nani mtu kama huyu? Sina neno. Nampenda tu.


Jumamosi, 29 Machi

Saa moja hadi saa kumi na moja. Tumetambaa shamba zima, hatukuishia vituoni. Tumetambaa mstari kwa mstari, bega kwa bega, maharage yanatupiga usoni. Kila mche unapoonekana tunachomeka kijiti kwanza, Ramani anachora, ndipo unang'olewa na mizizi, unaingia kwenye mfuko uliofungwa. Mama kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, tunaisogeza kila baada ya mistari mitano, anatuelekeza kwa fimbo ya Babu.

Tisa mingine. Yote nusu ya chini, yote karibu na vituo vyetu. Mmoja ulikuwa umejificha kabisa chini ya jani, Babu ndiye aliyeuona! Huo mwendo wake kumbe una faida. Mama akamwita babu yangu, naye akapokea kwa heshima zote.

Ishirini jumla. Ramani ameweka nukta nyekundu kwenye kiraka chake cheupe, yeye mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Alizitia ndogo. Mita akamwambia ziwe sawa na nyingine. Akazikuza.

Mwalimu amekuja jioni, tumemweleza. Aliondoka. Akarudi na karatasi: kuanzia sasa kila kundi lioshe vifaa kabla ya kila shamba, na fremu zote zitiwe gundi. Amesema pia kosa si letu peke yetu, yeye alifundisha viatu tu.


Jumapili, 30 Machi

Baba amezishona buti zangu bila kuniuliza. Soli amezikwangua zote, hata mitaro ya katikati. Nimemwambia kila kitu. Akaniuliza kesho nakwenda? Nikasema nakwenda. Akarudi kwenye nyundo yake.

Nimemenya lile chungwa. Limekauka upande mmoja. Nimelila lote.


Jumatatu, 31 Machi

Naandika hapa hapa getini, juu ya goti, penseli haina ncha.

Mama kaniweka tena mlangoni! Nilipofika alinipa brashi mbele ya wenzangu wote. Nikasema Mama, mimi? Akasema nimweke nani, aliyewahi kukosea ndiye atakayekumbuka. Bado amenuna kidogo, nadhani kasirani ya mpaka Jumapili imempitiliza.

Mkaguzi amekuja saa tatu. Mwanamume mfupi, faili kwapani, viatu vyeusi vinang'aa. Shikamoo. Marahaba, binti. Naomba viatu. Akacheka, akasema anatoka garini, vimepigwa rangi asubuhi, ana mashamba manne leo. Nikasema naomba viatu, mzee. Akamtazama Mama. Mama anatazama maharage. Nikasema na faili, kama utaliweka chini. Na kalamu. Akavua! Nilisugua soli zile kwa dakika tano, sikumwacha.

Kasoma fomu akiwa amesimama peku kwenye gunia. Aliposoma ya Jumatano alirudi mwanzo akaisoma tena. Akaweka kidole juu ya zile sifuri zenye mistari.

Mama akamwambia mwenyewe, wote tunasikia: Ndugu mkaguzi, gugu karoti limeingia kwangu, miche ishirini, nimeing'oa, mfuko ule pale. Sauti haikutetemeka. Miaka kumi na moja, na haikutetemeka.

Sasa wamo ndani. Mita anapima hatua, mkaguzi anafuata, Mama nyuma na fimbo. Ramani na Babu wako mwisho wa kamba. Mimi siwezi kuacha mlango.

Nusu ya juu wamemaliza. Mkaguzi ameandika kitu.

Wako chini. Kituo cha kwanza. Cha pili.

Cha tatu. Amechuchumaa. Anakaa sana. Mita hatazami chini, Mungu wangu, hata leo hatazami. Mkaguzi anatenganisha maharage kwa kalamu.

Amesimama. Anauliza kitu kwa sauti, upepo unaipeleka, nimesikia nusu — nani alihesabu hapa?

Mama amenyoosha fimbo. Kwangu.

Ananiita mkaguzi. Kwa mkono.

Naenda. Ngoja ninawe miguu kwanza.